Busu na upanga: nani amngojee mwenzake?

Riwaya za binadamu anayempenda vampaya, jini au mtu anayegeuka chui zimeuzwa kwa mamilioni. Zinazodumu ni zile ambazo mapenzi na mapambano yake hayawezi kutenganishwa.

Filamu ya mwisho katika mfululizo wa Twilight ilipoingia kumbini Novemba 2012, waliokwisha kusoma kitabu walikaa vitini wakidhani wanajua kila kitakachotokea. Katika kitabu, makundi mawili ya vampaya yanakutana kwenye uwanja uliofunikwa na theluji, yanatazamana, yanashitakiana, kisha yanaachana bila vita kupiganwa. Filamu ikawageuka. Kichwa cha Carlisle, baba wa familia ya Cullen, kikang'olewa mbele ya macho yao. Ardhi ikapasuka. Wahusika waliopendwa kwa miaka wakaanguka mmoja baada ya mwingine, mpaka ilipobainika kwamba yote yale yalikuwa maono tu: Alice, binti wa familia hiyo mwenye kuona yajayo, alikuwa akimwonyesha Aro, kiongozi wa maadui, yatakayompata akithubutu kushambulia. Aro akakiona kifo chake, akaligeuza jeshi.

Mwongozaji Bill Condon na mwandishi wa skripti Melissa Rosenberg walikuwa wamekabiliwa na tatizo ambalo kila mwandishi wa riwaya za aina hii analijua. Breaking Dawn, kitabu cha Stephenie Meyer kilichotoka 2008, kina kurasa zaidi ya 700, na sehemu yake ya mwisho karibu yote ni maandalizi ya vita. Mashahidi wanaitwa kutoka pembe zote za dunia. Bella, binadamu aliyeolewa na vampaya Edward na ambaye sasa naye ni vampaya, anafundishwa kuutandaza uwezo wake wa kukinga akili ili uwafunike na wenzake. Kisha panga zinarudi alani. Wapo wasomaji waliohisi wamepunjwa, na filamu ikajaribu kuwalipa.

Lakini ilichowalipa ni vishindo. Vita vile vya dakika chache havibadilishi chochote kati ya Bella na Edward. Vikiisha, wapenzi hao wako palepale walipokuwa. Kitabu kisicho na vita, kwa upande wake, kina jambo moja dogo katika sura ya mwisho. Edward husoma mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella. Hilo ndilo lililomvuta kwake tangu mwanzo, na ndilo lililomtesa. Sasa Bella, kwa ujuzi uleule aliojifunza kwa ajili ya vita, anaisukuma kando ngao ya akili yake na kumwachia mumewe ayasikie mawazo yake kwa mara ya kwanza. Kilichoandaliwa kumzuia adui kinatumika kumkaribisha mpenzi. Filamu nayo ililibakiza tukio hilo, kwani bila hilo hadithi isingekuwa na mwisho.

Waandishi chipukizi wanaoingia katika utanzu huu huuliza penzi lipewe kurasa ngapi na mapigano yapewe ngapi. Hesabu hiyo haiwafikishi mbali. Riwaya hizi husimama pale penzi na pambano vinapogombania kitu kimoja, na huyumba pale kila kimoja kinaposhika njia yake, hata kama kurasa zimegawanywa nusu kwa nusu.

Ahadi mbili kwa msomaji mmoja

Utanzu huu, ambao hapa tutauita riwaya za mahaba na maajabu, ulianza kwa hofu. Vampaya wa Sheridan Le Fanu katika Carmilla ya 1872, na wa Bram Stoker katika Dracula ya 1897, walikuwa na mvuto wa kimapenzi usiofichika, lakini hatima yao ilikuwa kusakwa na kuuawa. Mwaka 1976 Anne Rice akampa vampaya nafasi ya kusimulia maisha yake kwa kinywa chake katika Interview with the Vampire, na msomaji akaanza kumwonea huruma. Kutoka huruma hadi posa haikuwa safari ndefu. Christine Feehan alitoa Dark Prince mwaka 1999. Sherrilyn Kenyon, J.R. Ward, Kresley Cole na Nalini Singh wakafuata katika miaka michache, na kiumbe wa usiku akawa bwana harusi. Twilight ilipotoka 2005, wachapishaji hawakuhitaji tena kushawishiwa. Vitabu vinne vya Meyer vimeuza nakala zaidi ya milioni 100.

Bwana harusi huyo alikuja na mikataba miwili. Wa kwanza ni wa riwaya ya mapenzi. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, RWA, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilikuwa na kipimo cha mambo mawili tu: hadithi ya mapenzi iwe ndiyo kitovu cha kitabu, na mwisho uridhishe moyo na kutia matumaini. Mkataba wa pili ni wa riwaya ya kusisimua: hatari iwe ya kweli, adui awe na meno, na msomaji ashindwe kuzima taa.

Tatizo ni kwamba mkataba wa kwanza unaubomoa wa pili. Anayenunua riwaya ya mapenzi anajua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba wapenzi watasalimika na wataoana. Unaweza kumrushia shujaa mazimwi arobaini. Msomaji atayatazama bila wasiwasi, kwa sababu roho ya shujaa haimo hatarini. Ndiyo maana waandishi hodari wa utanzu huu hawaweki rehani uhai peke yake. Huweka rehani kitu ambacho mkataba haukukilinda: uaminifu, siri, utu, ukoo, uhuru wa mtu kuwa alivyo. Msomaji anajua watakuwa hai mwishoni. Hajui watakuwa watu wa namna gani, wala watakuwa wamepoteza nini njiani.

Na mikataba hii ikichanganyika, mwandishi hupata taabu. Charlaine Harris alimzaa Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa katika mji wa kubuni wa Bon Temps, Louisiana, mwaka 2001. Kwenye jalada, mfululizo wake ulijulikana kama riwaya za upelelezi na vampaya: kuna maiti, kuna muuaji, kuna kufumbua. Sookie alipendwa na vampaya zaidi ya mmoja, na wasomaji, hasa baada ya kampuni ya HBO kuugeuza mfululizo huo kuwa tamthilia ya True Blood kuanzia 2008, waligawanyika kambi kwa kambi wakimchagulia mume. Kitabu cha 13, ambacho ndicho cha mwisho, kilipotoka 2013 na Sookie akaishia na Sam, mwajiri wake wa siku zote, hasira ilikuwa kubwa. Harris alikuwa ameitimiza ahadi ya upelelezi. Wasomaji walikuwa wakimdai ahadi ya ndoa, ambayo miaka kumi na miwili ya mabusu iliwafanya waamini kwamba waliahidiwa.

Upande mmoja ukizidi

Mapambano yanaweza kumezwa na mahaba. Mfano unaotajwa zaidi ni wa Laurell K. Hamilton. Anita Blake, mhusika wake mkuu, alitokea 1993 katika Guilty Pleasures akiwa na kazi mbili mjini St. Louis: kuwafufua maiti kwa malipo na kuwaua, kwa kibali cha sheria, vampaya waliovunja sheria. Alikuwa mkavu wa maneno, mwepesi wa bastola, na mapenzi yake na vampaya Jean-Claude yalikwenda polepole kwa sababu kumpenda kulimaanisha kumpenda mtu ambaye huenda siku moja angelazimika kumuua. Hapo penzi na kazi vilikabana koo. Kuanzia kitabu cha kumi, Narcissus in Chains cha 2001, Anita alipewa njaa ya kimwili isiyozuilika ambayo sharti ilishwe, na vitanda vikaongezeka kuliko maiti. Wasomaji wapya walikuja, lakini wengi wa zamani walinung'unika kwamba kesi sasa inatupwa pembeni kwa sura nyingi na kurudishwa mwishoni ili ifungwe. Malalamiko yao hayakuwa juu ya mapenzi yenyewe. Kilichopotea ni ile hali ya kila uamuzi wa moyo kuwa na gharama kazini.

Upo upande wa pili, wa mapambano yasiyo na mwenyewe. J.R. Ward alianza mfululizo wake wa udugu wa vampaya mashujaa kwa Dark Lover, mwaka 2005, na mwanzo wake ni mzuri. Bomu linalipuka ndani ya gari na kumuua Darius, shujaa mmojawapo. Kabla ya kufa alikuwa amemsihi Wrath, mfalme anayekaribia upofu na asiyetaka kiti chake, amsaidie binti yake Beth, mwandishi wa habari asiyejua kwamba ana damu ya vampaya. Wrath alikataa. Mlipuko ule ndio unaompeleka mlangoni kwa Beth, akiwa na deni la marehemu. Hapo vita vimefanya kazi ya mshenga.

Lakini Ward aliwapa pia maadui, wanadamu waliokabidhi roho zao kwa nguvu iitwayo Omega, sura zao wenyewe. Tunawafuata wakipanga, wakigombania vyeo, wakitesa mateka. Si ajabu kumsikia mpenzi mkubwa wa mfululizo huu akikiri kwamba sura hizo huziruka. Hazikuandikwa vibaya. Anaziruka kwa sababu anaweza kuziruka: akizikosa, hakosi chochote kuhusu wapenzi wake. Mwandishi anapaswa kuliogopa jambo hilo kuliko tahakiki yoyote. Sura inayorukika bila hasara imeshahukumiwa na msomaji.

Meyer mwenyewe, katika kitabu cha kwanza, alichelewesha hatari. James, vampaya mwindaji, anaingia kwenye hadithi karibu na sura ya 18 kati ya 24. Kabla ya hapo ni shule, mvua, macho na maongezi. Na kwa kuwa Bella ndiye msimulizi, na katika pambano la kilele anapoteza fahamu, kuuawa kwa James kunatokea pasipo sisi kuwapo. Kwa kipimo cha riwaya ya kusisimua, hilo ni kosa la waziwazi.

Hata hivyo, mamilioni hawakukitupa kitabu, na sababu inaonekana katika kilele hichohicho. James amemng'ata Bella mkononi, sumu inapanda. Njia pekee ya kumwokoa ni Edward aifyonze sumu hiyo. Tangu ukurasa wa kwanza wa penzi lao, swali lilikuwa moja: kijana huyu anayeitamani damu ya msichana huyu kuliko ya mtu yeyote, akiionja, ataweza kuacha? Pambano la nje limemleta mpaka kwenye swali la ndani na kumlazimisha kulijibu kwa kinywa chake. Meyer alikosea muda na akakosea jicho la kusimulia, lakini jambo la msingi alilipata.

Bawaba moja, milango miwili

Jambo hilo tunaweza kuliita bawaba. Katika riwaya nzuri ya mahaba na maajabu kuna kanuni moja ya ulimwengu ule wa kubuni ambayo mlango wa mapenzi na mlango wa vita yote imening'inia juu yake. Ukiigusa, yote miwili inatikisika.

Nalini Singh, aliyezaliwa Fiji na kukulia New Zealand, aliitengeneza bawaba yake kwa ustadi katika Slave to Sensation, mwaka 2006. Ulimwengu wake ni wa 2079. Jamii moja ya watu wenye nguvu za akili imejifunza, kwa miaka mia moja, kuua hisia zote: hakuna hasira, hakuna huzuni, hakuna upendo. Anayehisi anahesabiwa kuwa na kasoro na hufutwa akili. Sascha Duncan anahisi, na anaficha. Lucas Hunter ni kiongozi wa kundi la watu wanaogeuka chui, na anamtafuta muuaji anayewawinda wanawake wa jamii yake. Ushahidi wote unaonyesha kwamba muuaji anatoka kwa watu wa Sascha, ambao wanajigamba kuwa hawana uhalifu kwa kuwa hawana hisia.

Tazama jinsi kila kitu kinavyoshikana. Sascha akimpenda Lucas, anavunja sheria ya watu wake. Akimsaidia kumsaka muuaji, anaufichua uongo ambao sheria hiyo imejengwa juu yake. Kwa hiyo kupenda na kupeleleza ni kosa moja lenye adhabu moja. Mwishoni anajitoa kuwa chambo, na kujitenga na mtandao wa akili unaowaunganisha watu wake maana yake ni kifo, kwa sababu nje ya mtandao huo hawaishi. Kinachomwokoa ni kifungo cha mapenzi kati yake na Lucas, ambacho kinakuwa mtandao mpya wa kumweka hai. Ukiondoa penzi, upelelezi hauna mwisho. Ukiondoa upelelezi, penzi halina sababu ya kuogopwa na yeyote.

Ilona Andrews, jina la kalamu la mke na mume wanaoandika pamoja, walipitia njia nyingine. Mfululizo wao wa Kate Daniels, vitabu kumi kutoka 2007 hadi 2018, unapangwa na wauzaji upande wa fantasia ya mjini, ambako mapenzi yanaruhusiwa kusubiri. Na yanasubiri kweli: Kate na Curran, bwana wa watu wote wanaogeuka wanyama mjini Atlanta, wanagombana kwa vitabu vitatu kabla ya kuwa wapenzi katika cha nne, mwaka 2010. Kinachomfanya msomaji asichoke ni kwamba siri ya Kate imo ndani ya damu yake. Damu hiyo ikichunguzwa, itamtaja baba yake, adui anayemkimbia tangu utotoni. Basi kila anapojeruhiwa vitani anahangaika kufuta matone na kuchoma vitambaa. Kwa mwandishi mwingine, jeraha lingekuwa nafasi tu ya mpenzi kuja na bandeji. Hapa jeraha ni hatari ya kujulikana, na kujulikana ndiko kunakodaiwa na mapenzi. Mtu anaweza kusoma pambano zima la panga na mifupa akijua kwamba anachosoma ni hadithi ya mwanamke anayeogopa kusema ukweli kwa mwanamume.

Utanzu wenyewe umebadilika sura katika miaka ya karibuni. Vampaya wamepungua, madragoni na falme za majini wa Kizungu vimepanda, na fantasia na mahaba zimeunganishwa waziwazi kwenye majalada. Rebecca Yarros alitoa Fourth Wing mwaka 2023. Kitabu cha tatu cha mfululizo huo, Onyx Storm, kiliuza nakala zaidi ya milioni 2.7 katika wiki yake ya kwanza, Januari 2025. Kuna mengi ya kumkosoa Yarros, na wakosoaji hawajanyamaza. Bawaba yake, hata hivyo, ni imara. Violet ni binti wa jenerali. Xaden ni mwana wa kiongozi wa maasi aliyeuawa na utawala wa jenerali huyo. Wanapaswa kuuana. Lakini dragoni wa Violet na dragoni wa Xaden ni mtu na mwenzi wake, na kifo cha mmoja kinaweza kuwaburuza wote kaburini. Kuanzia hapo, kila mtihani wa chuo cha vita, kila kuanguka, kila kisu gizani, ni jambo la wawili. Xaden hawezi kumlinda Violet bila msomaji kujiuliza kama anamlinda yeye au anajilinda. Swali hilo ni la mapenzi, na limeulizwa na vita.

Walichokijua wasimulizi wa Alfu Lela Ulela

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba haya ni mambo yaliyogunduliwa na wachapishaji wa New York. Hadithi za Alfu Lela Ulela zimesomwa kwa Kiswahili tangu enzi ya ukoloni, na ndani yake wamo wapenzi wa majini ambao wangewafundisha kazi wengi wa leo.

Mchukue Seif el-Muluk, mwana wa mfalme wa Misri. Anaona picha ya Badiat el-Jamal, binti wa mfalme wa majini, iliyofumwa kwenye vazi, na anaondoka kumtafuta. Tufani zinamvunjia merikebu, mazimwi yanamteka, miaka inapita. Kwa haraka unaweza kudhani ni vituko vilivyopangwa foleni. Kisha anafika kwenye kasri ambamo binti mfalme mwingine, Daulat Khatun, amefungwa na jini. Roho ya jini huyo imefichwa ndani ya ndege mdogo, ndani ya kasha, chini ya bahari. Seif analipandisha kasha kwa nguvu ya pete ya Suleimani, anamnyonga ndege, na jini anaanguka.

Msimulizi wa kawaida angeishia kwenye ushindi. Huyu anakwenda mbele. Daulat Khatun na Badiat el-Jamal walinyonya ziwa moja. Aliyeokolewa ndiye anayeweza kumfikisha mwokozi kwa mpenzi wake. Pambano limefungua njia ya penzi. Lakini jini aliyeuawa alikuwa na baba, na baba huyo ni mfalme. Mara tu mapenzi yanapoanza kustawi, Seif anatekwa kulipiziwa kisasi, na baba wa mpenzi wake analazimika kwenda vitani dhidi ya majini wenzake kwa ajili ya mkwe ambaye ni binadamu. Kifo kimoja kimewaunganisha wapenzi na kifo hichohicho kimetaka kuwatenganisha.

Hadithi ya Hasan wa Basra ni kali zaidi. Hasan anaona ndege wakishuka ziwani, wakivua manyoya na kuwa wasichana. Anaiba vazi la manyoya la mmoja wao ili asiweze kuruka, na anamwoa. Wanapata watoto wawili. Siku moja, Hasan akiwa safarini, mke analipata vazi lake, anawabeba wanawe na kuruka kurudi visiwa vya Wakwak, akiacha neno kwamba mume akimtaka amfuate huko. Safari yote inayofuata, na majeshi yake ya majini na kofia yake ya kumfanya mtu asionekane, ni malipo ya ule wizi wa kwanza. Mwanzoni Hasan alimpata mke kwa kumnyang'anya mabawa. Sasa anapaswa kumfuata mtu ambaye ana mabawa na hana lazima ya kubaki. Hapo mapigano yana uzito wa maadili ambao riwaya nyingi za vampaya, pamoja na mabwana wao wanaovizia madirishani, bado hazijaufikia.

Jini mahaba na "itaendelea"

Riwaya pendwa ya Kiswahili imekuwa na nguvu zaidi upande wa mapambano. Mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia uwanjani na Kufa na Kupona mwaka 1974, hana nafasi ya kupenda kwa muda mrefu; mwanamke katika ulimwengu wake ama ni mwenzake wa kazi ama ni mtego, na mara nyingi ni vyote viwili. Ben Mtobwa alimlegezea kidogo Joram Kiango kwa kumpa Nuru, mwenzi anayerudi zaidi ya mara moja, na vitabu vile vinapumua vizuri zaidi kwa sababu kuna mtu ambaye Joram anaweza kumpoteza. Katika filamu za Bongo za miaka ya 2000, Shumileta ya Mussa Banzi ilimleta mwanamke wa ulimwengu wa kuzimu anayempenda mwanamume wa kibinadamu, na watazamaji hawakuhitaji kuelezwa yeye ni nani.

Hawakuhitaji kwa sababu Pwani nzima inamjua jini mahaba. Humjia mtu ndotoni, humpenda kweli, na ana wivu usio na mfano. Binti akikosa mchumba baada ya mchumba, au mume akimchukia mkewe bila sababu, wapo watakaosema kuna jini aliyewahi. Kuna visomo vya kumtoa na kuna wanaomfukizia uvumba kumtuliza. Kwa mwandishi, imani hii ni hazina iliyokwisha kupangwa. Penzi lenyewe ndilo shambulio. Jini mahaba hana haja ya jeshi la maadui kutoka nje. Kumpenda kwake tayari ni vita dhidi ya mchumba, dhidi ya wazazi wanaosubiri wajukuu, dhidi ya shehe anayesoma, na dhidi ya mpendwa mwenyewe, ambaye huenda sehemu yake moja haitaki atolewe.

Kinachoiharibu hazina hiyo mara nyingi ni namna ya kuichapisha. Hadithi nyingi za aina hii zimeandikwa kwa vipande, kwanza kwenye magazeti pendwa na sasa kwenye simu, na kila kipande sharti kimalizike kwa mshtuko kabla ya neno "itaendelea". Mwandishi anayedaiwa mshtuko kila wiki huongeza majini: mwanzoni alikuwa mmoja, wiki ya kumi ni ukoo mzima, wiki ya ishirini ni falme mbili chini ya bahari. Wapenzi wanabaki kuwa mizigo ya kuokolewa. Mapenzi yao, ambayo yalikuwa ndiyo sababu ya msomaji kununua gazeti, hayajasogea tangu wiki ya tatu.

Mshtuko wa mwisho wa kipande hauhitaji kuwa jino au panga. Ikigundulika kwamba ni binti mwenyewe aliyeficha hirizi aliyofungwa na mama yake ili jini arudi, hilo ni la kusubiriwa wiki nzima. Mchumba akikubali kwenda kuongea na jini badala ya kumfukuza, hilo pia. Na pambano la kweli likija baada ya hapo, lina mtu wa kuumia na kitu cha kupotea.

Kwa hiyo mwandishi wetu anayeanza leo na jini wake apitie rasimu kwa ukali, tukio kwa tukio. Kila pambano aliulize: likiisha, wapenzi hawa watajua nini, watakuwa na deni gani, au watakuwa wamepoteza nini ambacho hawakukipoteza walipoanza? Kisha alibane kila busu vivyo hivyo: kesho yake, vita vitaendelea kama kawaida, au kuna mtu atakayeshindwa kuinua upanga kwa sababu ya busu hilo? Tukio lisilo na jibu likatwe, hata kama ndilo aliloliandika kwa raha kuliko yote. Mizani itajiweka sawa yenyewe, na hakuna msomaji atakayehesabu kurasa.